Kisima changu, mto wa serikali: hapa ndo Bagamoyo tunapokosea kuhusu maji

Ukija kutafuta kiwanja Bagamoyo siku hizi, iwe Kiromo, Zinga, Kerege au kule Mapinga ambako watu wa Dar wanahamia kwa kasi, dalali akishamaliza habari za barabara na nguzo za umeme anakuja kwenye maji, na hapo anakupa habari mbili tofauti kabisa. Kuna maji ya bomba, hayo ya serikali, yanatoka yanakatika na bili inakuja. Halafu kuna maji ya kisima, "hapa bosi unachimba tu, mita chache umeyapata, ya kwako, hamna wa kukukatia". Mnunuzi anaitikia, anajenga, anachimba, anapandisha simtanki juu ya mnara, na kuanzia siku hiyo anajihesabu ameshatoka kwenye shida ya maji ya nchi hii, shida imebaki kwa wanaopanga madumu.

Mimi nasema hiyo hesabu sio sahihi na inatuumiza pwani yote hii. Maji ya kisima na maji ya mto ni maji hayo hayo, yamepishana njia tu. Ukiyavuta sana upande mmoja yanapungua upande wa pili, ukiyachafua juu yanafika chini, na kinachomtenganisha mwenye kisima na mwenye dumu ni muda, tena sio mrefu.

Hesabu ya dunia nzima inajulikana na ni vizuri kuwa nayo kichwani. Karibu asilimia 97 ya maji yote ni ya bahari. Kwenye kile kidogo kinachobaki, yaani maji matamu, zaidi ya theluthi mbili ni barafu ambayo iko huko Antarctica na Greenland, asilimia kama 30 iko chini ya ardhi, na mito na maziwa yote ya dunia, ukiweka na Victoria na Tanganyika na Nyasa zetu hizi, hayafiki hata asilimia moja ya hayo maji matamu. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba chini ya miguu yetu kuna maji mengi kuliko mito na maziwa yote ukiyaweka pamoja. Mtu akisikia hivyo anasema basi tuchimbe. Lakini mengi yako kina kirefu mno, mengine yamekaa huko maelfu ya miaka na hayarudishwi kwa kasi ya pampu zetu, kwa hiyo la kuuliza hapa Bagamoyo ni yanaingia kiasi gani kila mwaka na sisi tunatoa kiasi gani, basi.

Na yanayoingia ni mvua, hamna kingine. Kwetu tunapata kama milimita 1,000 kwa mwaka, masika kuanzia Machi mpaka Mei na vuli Oktoba mpaka Desemba, mwaka ukiwa mzuri. Sehemu kubwa ya hiyo mvua inarudi juu hewani, jua linaikausha na minazi na miembe inainywa, nyingine inakimbia mitaroni kwenda baharini, na kipande kidogo ndo kinazama mchangani mpaka kinafika pale ambapo matundu yote kati ya chembe na chembe yamejaa maji. Pale juu ya hayo maji ndo usawa wa kisima chako. Wengi tumekua tukiambiwa chini kuna mto unapita, ukiupata mkondo wake umepata maji ya milele, na wapo wanaozunguka na vijiti kuutafuta. Kwenye ardhi yetu hii ya mchanga na udongo wa mfinyanzi hamna mto kule chini. Maji yamekaa kwenye matundu ya mchanga, yanasogea polepole sana, pengine sentimita chache kwa siku, pengine mita moja hivi mchanga ukiwa mkubwa na mteremko ukiwepo. Mhandisi mmoja Mfaransa, Henry Darcy, alilionyesha hilo mwaka 1856 kule Dijon kwa kupitisha maji kwenye mabomba yaliyojazwa mchanga na kupima yanayotoka, na mpaka leo anayepima visima virefu anatumia kanuni yake. Uzito wa jambo hili ni kwamba maji unayovuta leo Zinga hayarudi kesho kutoka mto wa siri, yanarudi kwa mvua ya msimu ujao, tena kama imepata mahali pa kuzama.

Sasa angalia mto Ruvu. Nenda pale mtoni mwezi wa nane au wa tisa, wiki nyingi zimepita bila mvua ya maana, na mto bado unatembea. Hayo maji yanatoka wapi? Mvua haipo, bwawa kubwa la kuyaachia bado halijakamilika, na mto unakwenda. Yanatoka ardhini. Mvua iliyonyesha milima ya Uluguru kule Morogoro, ambako upande wa mashariki unapata mvua mara mbili na zaidi ya sisi wa pwani, ilizama kwenye udongo wa msitu na nyufa za miamba, na miezi yote ya kiangazi inavuja kidogo kidogo kwenye chemchemi na vijito, inashuka na Mgeta na matawi mengine, mpaka inapita Mlandizi na kutufikia. Kwa hiyo mto wa kiangazi ni maji ya ardhini yaliyopata pa kutokea. Hili likikaa vizuri kichwani mwa mtu mengi yanajieleza yenyewe, kwanini kukata msitu Morogoro kunakausha koki Bagamoyo, kwanini kulima hadi kwenye kingo ni hatari, na kwanini sheria inakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Watu wanaichukia hiyo mita 60 kweli, na naelewa, maana pale kando ya mto ndo kuna udongo mzuri wa mbogamboga. Lakini mita hizo ndo mdomo wa ardhi unaolisha mto, ukiugandamiza kwa majembe na ng'ombe mvua haizami tena, inakimbia na tope lake na kwenda zake.

Na Ruvu sio kijito cha kuchezea. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi umefanya kazi tangu 1959, Ruvu Chini huku wilaya ya Bagamoyo tangu 1976, na baada ya kupanuliwa huo wa juu una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na wa chini milioni 270. Jiji zima la Dar, Kibaha, na sisi wenyewe Bagamoyo, tumeegemea mto mmoja, na yote yanayovutwa pale kiangazi ni yale yanayovuja kutoka milimani. Oktoba 2022 vuli ikachelewa, mto ukashuka, ukatangazwa mgao, na watu wa Dar wakakumbuka kwamba maji yao yanatoka kwetu. Novemba mwaka huo huo visima virefu vya Kigamboni vikazinduliwa na maji yake yakaingizwa kwenye mtandao, na yalisaidia, sibishi. Tabaka la maji la upande ule wa kusini mwa Dar ni nene na lina kina, limefanyiwa utafiti miaka mingi. Ninachobisha ni somo watu walilolichukua pale, kwamba mto umeshindwa visima vimeweza, kwa hiyo kila mtu achimbe chake popote alipo.

Kwanza, visima vikichimbwa karibu na mto na vijito vyake maji unayoyapata ni yale yale ambayo yangevuja kuingia mtoni mwezi unaofuata, umeyawahi njiani tu. Pampu zikiwa nyingi na kubwa zinaweza hata kugeuza mwelekeo, badala ya ardhi kuulisha mto, mto unaanza kuilisha ardhi, na mwenye kisima anaona kisima chake hakikauki hata siku moja, anajisifu, kumbe anakunywa mto. Kwenye makaratasi yanaandikwa mara mbili, kule mtoni yamehesabiwa lita kadhaa na huku kisimani lita kadhaa, wakati ni lita hizo hizo. Pili, mto ukidhoofika huku chini bahari haikai ikasubiri. Maji yakijaa, chumvi inapanda mtoni, na wakulima wa mpunga wa Ruvu ya chini wanaelewa maana yake kuliko mimi, miche inageuka rangi kuanzia ncha na mwezi mzima wa kazi unapotea. Bwawa la Kidunda linalojengwa kule Morogoro, lenye kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, litasaidia kuachia maji kiangazi na nalisubiri kwa hamu kama wengine, ila bwawa nalo linajazwa na mvua ileile kwenye milima ileile, na milima ikibaki vipara litajaa tope.

Huko kwote ni kwenye mto. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni hapa pwani penyewe, ukanda wa kutoka mjini Bagamoyo kushuka mpaka Mapinga, kwa sababu hapa adui hatoki juu, yuko chini ya kisima chenyewe.

Chini ya mchanga wa pwani maji ya bahari yameingia mpaka ndani ya nchi kavu, na maji ya mvua yamekaa juu yake, yanaelea kama tui la nazi lililopanda juu ya bakuli. Maji ya bahari ni mazito kidogo, lita moja ya maji matamu ina kilo moja na lita moja ya bahari ina kilo moja na gramu kama 25. Tofauti ndogo sana, lakini ndo inayoamua maisha ya kisima. Mholanzi mmoja, Badon Ghijben, na Mjerumani Herzberg walilipigia hesabu hili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, kila mmoja kwa wakati wake, na jibu lao ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo kabla hujaikuta chumvi. Ukisikia mara ya kwanza ni habari njema. Sasa igeuze. Ukivuta kwa pampu mpaka usawa wa maji kwenye kisima ukashuka nusu mita tu na ukabaki hapo, chumvi kule chini inaanza kupanda, na mwisho wa safari yake ni mita 20 juu ya ilipokuwa. Nusu mita ya pampu, mita 20 za chumvi.

Ndo maana kisima cha pwani kinaharibika kwa namna ambayo watu hawaielewi. Mwaka wa kwanza maji matamu kabisa, mwenye nyumba anawagawia mpaka majirani, mwaka wa pili jirani wa kushoto naye kachimba, wa kulia kaweka pampu kubwa anauzia boza na guta za madumu, mtu wa gesti ana vyumba ishirini na bustani ya ukoka, na mwaka wa tatu mama mwenye nyumba anaona sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinabaki na ukungu, chai ina ladha ya ajabu, birika lina ukoko mweupe. Anamwita fundi. Nimeshasikia mazungumzo haya mara nyingi mpaka najua yanapokwenda. "Fundi, maji yamegeuka chumvi." "Usijali mama, tunaongeza mita kumi, ya juu yameshachoka, chini yako mazuri." Na mama analipa mita kumi ambazo zinampeleka kwenye chumvi yenyewe. Kwenye ardhi ya bara kuongeza kina kunaweza kuwa jibu, na kwa pwani pia inawezekana pale ambapo kuna tabaka nene la mfinyanzi limefunika maji mengine safi chini yake, lakini hilo linajulikana kwa kupima kwanza, sio kwa kubahatisha na fedha ya mjane. Mahali penye mchanga mtupu karibu na bahari, kwenda chini ni kwenda baharini.

Na haihitaji bahari nyingi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Chukua dumu la lita 20 la maji mazuri, mimina nusu lita ya maji ya bahari, hiyo chupa ndogo ya maji ya dukani, umeshaharibu dumu zima, utaisikia chumvi ulimini. Kuchemsha hakuondoi, kunazidisha, maana mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Na ikishaingia kwenye mchanga kuitoa ni kazi ya mvua za miaka, na kwa muda wote huo pampu zikae kimya, jambo ambalo kwenye mtaa wa nyumba mia huwezi kumwambia mtu.

Watu wa zamani wa pwani hii hawakuwa na hesabu za huyo Mholanzi na Mjerumani lakini visima vyao vilidumu. Kaole pale kwenye magofu, penye misikiti na makaburi ya watu walioishi miaka 700 iliyopita na zaidi, kuna kisima karibu kabisa na mikoko na bahari, na maji yake hayana chumvi. Wageni wanaopelekwa pale wanaonja na kushangaa, na wenyeji wengi wanaamini kina baraka, wanachota na kwenda nayo nyumbani. Mimi sigombani na anayeona baraka pale. Naongeza tu kwamba kisima kile kilichimbwa kifupi, kikaishia kwenye maji matamu ya juu, na kwa karne zote hizo kimechotwa kwa kamba na ndoo, kidogo kidogo, watu wakiondoka maji yanarudi usawa wake. Hakuna aliyewahi kukikalisha pampu usiku kucha. Ukitaka kisima cha pwani kiishi, mfano wake upo pale, na unaweza kuufuata hata kwa pampu ya umeme, ukachagua pampu ndogo, ukavuta saa nyingi kwa taratibu kuingiza kwenye tanki badala ya kuvuta kwa nguvu nusu saa, na watu wa mtaa mmoja mkapishana zamu ili usawa wa maji upate kupumua.

Hapa niseme kuhusu visima vya sadaka kwa sababu ni jambo zuri na linafanywa kwa nia njema kabisa, na sipendi kuona likiharibika. Pwani yetu mtu akifiwa na mzazi, au akijaaliwa kipato, anachimba kisima msikitini au shuleni kiwe sadaka inayoendelea. Sadaka inaendelea kisima kikiwa hai. Kikigeuka chumvi baada ya miaka mitatu, au kikiwa hatua chache tu kutoka kwenye choo cha wanafunzi, nia ya mtoaji imebaki lakini maji hayapo. Mtoaji anayetoa mamilioni ya kuchimba atenge na kidogo cha kupima ardhi kabla, kupima maji maabara baada, na kumlipa mtu wa kukiangalia. Na vibao vya majina vingeongezwa mstari mmoja tu, kina cha kisima na tarehe maji yalipopimwa, ingewasaidia wanaokuja kuchimba jirani.

Choo nacho kiko kwenye hesabu hii. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kisima kikae mita 30 au zaidi kutoka kwenye shimo la choo, na kikae upande wa juu wa mteremko. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hizo mita 30 hazitoshi hata ukianzia kona hadi kona, na choo chako kikiwa mbali na kisima chako basi kiko karibu na kisima cha jirani. Mchanga unasaidia sana kuchuja vijidudu, tuna bahati hiyo, lakini nitrati inayotokana na vinyesi na mikojo inapita mchangani bila shida, haina rangi, haina harufu, kuchemsha hakuiondoi, na inawaumiza zaidi watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Mitaa yetu mipya inagawiwa viwanja vidogo vidogo, kila kimoja na kisima chake na shimo lake, na anayepanga mji anahesabu barabara na maduka kana kwamba chini ya ardhi kila mtu ana uzio wake. Hamna uzio kule chini. Mahali penye msongamano namna hiyo bomba la pamoja ni lazima hata kama kuna maji mita nne tu, na visima vibaki vya kufulia, kumwagilia na dharura.

Kuhusu nani anatumia nini, duniani kote kilimo kinachukua kama asilimia 70 ya maji yote yanayovutwa mitoni na ardhini, viwanda vinafuata, matumizi ya nyumbani ni kama sehemu moja ya kumi. Kwetu kilimo cha kumwagilia kando ya Ruvu na Wami ni uhai, mpunga na miwa vinalisha watu na kuajiri watu, kwa hiyo sitaki kusikia hoja ya kwamba wakulima waondolewe ili majiji yanywe. Ila mkulima anayejaza jaruba mchana wa jua kali kupitia mfereji wa udongo anapoteza maji mengi kabla hayajafika kwenye mzizi, na kumsakafia mfereji ni nafuu kuliko kumjengea mtu mwingine mtambo.

Nyumbani kuna kitu kimoja tunakiacha kinapita kila mwaka mbele ya macho yetu, nacho ni paa. Bati la nyumba ya mita 10 kwa 10 linapokea, kwa mvua ya milimita 1,000, lita 100,000 kwa mwaka. Toa inayoruka na inayopotea kwenye gata, baki na 80,000. Familia ya watu sita, kila mmoja lita 40 kwa siku, inatumia lita 240 kwa siku, yaani kama 87,600 kwa mwaka. Karibu zinalingana! Tatizo ni kwamba mvua inakuja kwa vishindo na tanki la lita 5,000 linakuweka siku ishirini tu, huwezi kuhifadhi zote. Lakini hata usiyoweza kuhifadhi unaweza kuielekeza kwenye shimo la mawe na kokoto pembeni ya nyumba, mbali na choo, izame, badala ya kuiacha ikimbie kwenye sakafu ya saruji mpaka barabarani na kuharibu barabara. Kila nyumba mpya inayofunika ua wote kwa pevingi inapunguza maji yanayoingia kisimani kwake yenyewe. Hizo nyumba za Mapinga zenye ua umesakafiwa kona hadi kona na kisima katikati, mwenye nyumba amefunika mlango ambao maji yake yanaingilia.

Serikali nayo ina lake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema wazi kwamba maji yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, ya juu na ya chini ya ardhi, kwa hiyo ile "ya kwako" ya dalali haina msingi. Nchi imegawanywa mabonde tisa na sisi tuko Bonde la Wami/Ruvu, bodi yake ndo inatoa vibali vya kutumia maji. Sheria ni nzuri. Nachokiona mtaani ni kwamba mitambo ya kuchimba inaingia asubuhi inatoka jioni na hamna anayeandika imechimba wapi, kina gani, imekuta mchanga au mfinyanzi, maji yalikuwa na ladha gani. Hiyo taarifa ni ya thamani kuliko kisima chenyewe, na inapotea na moshi wa dizeli. Kama kila mchimbaji angelazimika kuacha karatasi moja kwenye ofisi ya mtaa na nakala iende kwa bodi ya bonde, baada ya miaka michache tungekuwa na ramani ya chumvi ya pwani yote na mjane asingeuziwa mita kumi za bahari. Watu wanaogopa kuandikisha visima kwa sababu wanajua kinachofuata ni ankara. Basi serikali itenganishe hayo mawili, kuandikisha kisima cha nyumbani kuwe bure na isiwe mlango wa tozo, anayeuza maji kwa boza na mwenye hoteli ndo watoe kitu, maana wao ndo wanaoshusha usawa wa mtaa mzima.

Na kuna sehemu ya kazi hii ambayo haihitaji kusubiri mtu wa bodi kutoka Morogoro wala wa wizara kutoka Dodoma. Mtaa wowote, Dunda, Magomeni, Kisutu, Nia Njema, unaweza kuchagua visima vitano, viwili karibu na bahari na vitatu kwa ndani, ukampa kijana mmoja kamba yenye alama kila nusu mita na jiwe mwishoni, na daftari. Mara moja kwa mwezi anashusha kamba, anaandika tarehe na maji yako mita ngapi kutoka mdomoni mwa kisima, anaonja au anatumia kile kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi ambacho hakizidi bei ya simu ya kawaida, basi. Mwaka mmoja wa hilo daftari, masika mpaka vuli, unatosha kuonyesha visima gani vinashuka pamoja, na chumvi inatokea upande gani. Daftari hilo likiletwa kwenye mkutano wa mtaa mazungumzo ya zamu za pampu yanakuwa na kitu cha kushika, sio kelele za nani tajiri nani maskini. Apime alfajiri kabla pampu hazijawashwa, kwa sababu akipima mchana anapima shimo lililoachwa na pampu, na takwimu zake hazitalingana mwezi hadi mwezi.